Kitabu cha Wosia Kiwe cha Mwisho Kununuliwa

Kila kikao cha ukoo kinachokaa baada ya arobaini huwa na mtu wake mmoja, mara nyingi shemeji aliyesoma au mjomba aliyestaafu serikalini, anayengoja kelele zipungue kisha anasema: haya yote yasingetokea kama marehemu angeandika wosia. Watu wanatikisa vichwa kukubali. Wiki inayofuata mmoja wao anapita duka la vitabu, anaulizia kitabu cha mirathi, na anauziwa kijitabu chembamba cha jinsi ya kuandika wosia, chenye fomu ya kujaza kurasa za nyuma. Anarudi nacho nyumbani akiamini amemaliza.

Sina ugomvi na wosia. RITA wanatoa huduma ya kuuandika na kuutunza, na heri mtu anayeitumia. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mirathi ni wosia, na kwa hiyo kitabu kizuri cha mirathi ni kile kinachofundisha kuuandika, vingine vyote tuwaachie mawakili. Mimi naona kijitabu hicho kingekuwa cha mwisho kununuliwa. Kabla yake kuna mambo matatu ambayo hakiyagusi, au kinayapitia kwa aya moja: mtu huyu yuko chini ya sheria ipi, mali gani ni yake kweli, na akishazikwa nani ataishika na kwa masharti gani. Kesi nyingi zinazovunja koo huanzia hapo.

Tuchukue shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania amelisoma. Mzee wa Kihaya alimwachia binti yake shamba la ukoo kwa wosia, na uhalali wa wosia huo haukubishaniwa. Binti akazeeka, hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza shamba kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai shamba lirudi, kwa sababu sheria ya mila ya Wahaya, iliyoandikwa kabisa, ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikatengua mauzo. Mahakama ya Wilaya ikampa ushindi bibi. Mpwa akakata rufaa hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo ya mila inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, kwa hiyo mwanamke anaweza kuuza kama anavyouza mwanamume. Familia hii ilikuwa na kile ambacho mjomba wetu anasema kingemaliza yote, na bado ilipanda ngazi tatu za mahakama. Kitabu ambacho kingemsaidia yule bibi siku anapotafuta mnunuzi ni kile kinachoeleza mila inasema nini juu ya ardhi ya ukoo na Katiba inasema nini juu ya mila.

Kwa hiyo sheria ipi? Tanzania Bara mali ya marehemu inaweza kuangukia chini ya moja ya sheria tatu. Ipo sheria ya mila, ambayo kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba imeandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Ipo sheria ya Kiislamu. Na ipo Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Ndiyo, ya India, na mwaka haukukosewa. Waingereza walituletea baada ya kuchukua koloni la Wajerumani, nasi tumebaki nayo. Zanzibar ina mahakama zake za Kadhi na utaratibu wake, kwa hiyo kitabu kinachosema “Tanzania” bila kutenganisha Bara na Visiwani tayari kimejitia shaka.

Nani anaangukia wapi? Wengi hudhani ni suala la cheti cha ubatizo. Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi na kile alichokusudia. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilishughulikia mali ya Mngoni aliyeoa Mchaga na kuishi Dar es Salaam sehemu kubwa ya maisha yao. Ikaona ameyaacha maisha ya kimila, na mali yake igawanywe kwa ile sheria ya 1865. Mtu mwingine, Mkristo vilevile, aliyekaa kijijini kwao, akalima shamba la baba yake na kupeleka kesi zake kwa wazee wa ukoo, anaweza kabisa kuhesabiwa chini ya mila. Kati ya hawa wawili kuna maelfu yetu, wa mjini Jumatatu hadi Ijumaa na wa ukoo kila Desemba.

Sasa rudi kwenye ile fomu ya nyuma ya kijitabu, uitazame chini kabisa. Ina mistari miwili ya mashahidi. Kwa sheria ya 1865 mistari miwili inatosha. Kwa Tangazo Na. 436 inategemea. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, lakini mmoja awe wa ukoo wake na mwingine awe mtu wa nje. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao unataka wanne. Basi fikiria fundi wa Shinyanga aliyehamia Dar, anajaza fomu yake vizuri, anawaita wafanyakazi wenzake wawili watie sahihi wakati wa chai. Akifariki na mahakama ikaona kwamba sheria yake ni ya mila, wosia ule hauna shahidi hata mmoja wa ukoo. Sasa mpe ushauri wa haraka kwamba amwite kaka yake awe shahidi. Kama mahakama itaona sheria yake ni ya 1865, wosia utasimama, ila chochote alichomwachia kaka huyo kitaanguka, kwa kuwa shahidi hapokei zawadi kutoka kwenye wosia alioushuhudia. Mke wa shahidi naye vilevile. Na kama fundi aliandika wosia wake akiwa kapera kisha akaoa, kwa sheria hiyohiyo ndoa yenyewe imeufuta. Fomu haisemi neno.

Upande wa mjane uzito unaonekana zaidi. Chini ya sheria ya 1865, mume akifa bila wosia na akaacha watoto, mjane anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Chini ya Tangazo Na. 436 mjane hana fungu; anatunzwa na watoto wake. Mabinti wanawekwa daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kiume wa kwanza na nyuma ya ndugu zake wa kiume. Wajane wawili walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua lakini ikakataa kuzifuta. Shauri likafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona kwamba Tanzania imevunja mkataba. Kitabu kinachomhimiza mume aandike wosia bila kumweleza mke anasimama wapi wosia usipokuwepo kimeandikwa kwa ajili ya nusu moja tu ya nyumba.

Na hata neno “mila” lisikupumbaze. Tangazo lile lilitungwa kwa makabila ya ukoo wa baba. Mluguru wa Morogoro au Mmakonde wa Mtwara, ambaye kwao ardhi hufuata upande wa mama, akisoma kitabu kinachosema “kwa mila za Kitanzania mtoto wa kwanza wa kiume ndiye mrithi mkuu”, anasoma habari za watu wengine.

Vibanda vya vitabu vya mitumba katikati ya Dar vina mtego wake, nao unawanasa hata wasomi. Mtu amesikia kwamba sheria yetu ni ya India, anakuta kitabu kinene cha India juu ya sheria ya urithi, karatasi nzuri, jalada gumu, bei ya kutupa. Anakibeba kama ameokota dhahabu. Lakini Wahindi wenyewe waliiacha sheria ya 1865. Walitunga nyingine mwaka 1925, na hiyo ndiyo kitabu kinaieleza. Namba za vifungu hazilingani na zetu.

Mpakani ni yaleyale. Wakurya wa Sirari na wa Isebania wanaoana na kuzikana, lakini kitabu kimoja hakiwafai wote. Kenya wana Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1981, inayoruhusu mahakama kuingilia wosia ulioacha wategemezi mikono mitupu, na inayokubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili mradi aliyeusia afariki ndani ya miezi mitatu. Ng'ambo ya kizuizi cha barabara, mambo hayo mawili hayapo kwa sura hiyo.

Kwa Mwislamu imani ya mjomba ina udhaifu wa aina nyingine. Wasia wake hauwezi kuvuka theluthi ya mali baada ya gharama za mazishi na madeni, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, hamwusii mrithi wake mpaka warithi wengine waridhie. Theluthi mbili zinazobaki zinagawanywa kwa mafungu ambayo marehemu hana ruhusa ya kuyagusa. Kitabu cha wosia kinamfundisha, kwa hiyo, namna ya kusema juu ya kile kidogo. Anachohitaji ni kitabu cha faraidhi, na hivi viko vingi, vya kila ubora, vikiuzwa kwenye meza nje ya misikiti.

Nina kipimo changu cha vitabu hivi, na kinachukua dakika moja. Natafuta mfano wa mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Ukiigawa mali mafungu 24, mke anachukua 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27. Mafungu yamezidi mali. Wanazuoni wanaliita jambo hili aul, na jibu la Masunni ni kuigawa mali kwa 27 badala ya 24, kila mtu apungukiwe kwa uwiano wake, hata thumuni ya mke ikawa moja ya tisa. Mfano huu ni maarufu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari akajibu papo hapo. Kitabu kinachoorodhesha mafungu ya warithi kwa jedwali zuri lakini hakina aul kitamfikisha msomaji kwenye hesabu isiyolingana siku watu wamekaa mkekani wanasubiri. Kirudishe mezani.

Halafu uliza mwandishi ni wa madhehebu gani. Ithnaasheri hawaikubali aul, na kwao wasia kwa mrithi unapita ndani ya theluthi bila kuomba ridhaa ya wenzake. Kitabu chao ni sahihi kabisa kwa wenyewe, na ni cha kumpotosha Mshafi wa Tanga. Vivyo hivyo vitabu vya sheria ya Kiislamu kutoka India, ambavyo kwa sehemu kubwa vinaeleza Uhanafi.

Wala usidhani ni wasomaji wa kawaida tu wanaopotezwa na kitabu cha ugenini. Pwani yetu watu walizoea kuweka wakfu kwa ajili ya watoto na wajukuu, na fiqhi ya Shafi inauruhusu. Mwaka 1894 Privy Council ya London iliamua, katika shauri la India, kwamba wakfu wa familia wa namna ile ni batili. Waislamu wa India walilalamika mpaka ikatungwa sheria ya 1913 ya kuhalalisha wakfu zao. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, shauri la familia ya pwani ya Kenya lilipofika London, majaji waliufuata uamuzi uleule wa 1894. Watu wa Mombasa wakahukumiwa kwa kauli ambayo kwao ilikuwa kinyume cha fiqhi, na ambayo kule ilikotoka ilikwisha kuondolewa kwa sheria.

Juu ya mali niseme kwa ufupi. Nyumba iliyosajiliwa kwa majina ya mume na mke kama wamiliki wa pamoja, bila kugawa hisa, inakwenda kwa aliyebaki hai, na wosia hauigusi. Mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii yana wategemezi wake kisheria. Mtu anaweza kuandika kurasa kumi akigawa vitu ambavyo nusu yake si vyake kugawa.

Linalonikera zaidi katika vijitabu hivi ni jinsi vinavyompitia msimamizi wa mirathi. Anapewa aya mbili: awe mwaminifu, awe mtu mzima. Basi. Ilhali katika koo ninazozijua mimi ugomvi mkubwa haukuwa juu ya marehemu alitaka nini; ulikuwa juu ya msimamizi amefanya nini. Kijana mkubwa anateuliwa, anapewa barua yenye muhuri, na tangu siku hiyo anaamini nyumba ni yake. Wadogo zake nao wanaamini hivyo, ndiyo maana wananuna kimya kimya badala ya kudai hesabu. Wengi pia wanadhani ni muhtasari wa kikao cha familia uliomteua. Kikao kinapendekeza, anayeteua ni mahakama, na mahakama inaweza kumwondoa.

Utaratibu wenyewe umeandikwa wazi. Katika Mahakama ya Mwanzo, ambako familia nyingi hufungua mirathi, msimamizi ana miezi minne tangu ateuliwe kuwasilisha Fomu Na. 5, yenye orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, na baada ya hapo Fomu Na. 6, hesabu ya namna alivyogawa. Kwa mirathi iliyofunguliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja, labda mahakama iongeze muda. Dada anayejua kwamba ipo karatasi inayoitwa Fomu Na. 5 anaweza kwenda mahakamani kuuliza kama imejazwa, na kama shamba la bondeni limeandikwa humo. Asiyejua atabaki kupeleka malalamiko kwa mjomba, na mjomba atamjibu kwamba marehemu angeandika wosia.

Kwa hiyo nikishika kitabu cha mirathi naanza na yaliyomo, nahesabu kurasa alizopewa msimamizi. Zikiwa chini ya robo ya kitabu, kwangu kimeshindwa.

Najua pingamizi lililo tayari: mambo haya ni magumu, mwone wakili, achana na vitabu. Lina ukweli ndani yake, hasa mali ikiwa na kampuni, mikopo au warithi walio nje ya nchi. Lakini kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kumwakilisha mtu katika Mahakama ya Mwanzo, pale pale mirathi ya mila na ya Kiislamu inapofunguliwa. Wajane na mayatima walisimama wenyewe mbele ya hakimu, na ambaye hakuwa amesoma alisimama mikono mitupu. Hata leo wakili anayeulizwa swali zuri hujibu vizuri zaidi, na swali zuri halimjii mtu njiani kwenye daladala.

Wapo pia wanaoshauri kuruka yote kwa kuweka mali kwenye udhamini, yaani kuwakabidhi wadhamini wakati mwenye mali yu hai ili akifa pasiwe na mirathi ya kufungua. Ushauri huu ni wa Kimarekani. Mwaka 1965 Norman Dacey, ambaye hakuwa wakili, alitoa How to Avoid Probate!, kitabu kikubwa kilichojaa fomu za kukata na kujaza. Chama cha mawakili cha New York kilimshtaki na kitabu kikazuiwa kuuzwa huko, hadi mahakama ya juu ya jimbo ilipomwachia mwaka 1967. Dacey alikuwa na hoja dhidi ya gharama za mahakama za kwao. Wanaomwiga huku wamechukua fomu zake bila tatizo lake. Kenya waliofungua njia ya kusajili udhamini wa familia mwaka 2021 walau wana sheria ya kuutegemea; kitabu cha Kimarekani hakiijui.

Kama unasoma Kiingereza na uko Kenya, Law of Succession cha William Musyoka, cha 2006, kilichoandikwa na mtu ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, kina uzito kuliko rafu nzima ya vijitabu. Kisome ukijua kimetangulia Katiba ya 2010 na marekebisho ya 2021 juu ya nani anahesabiwa mke au mume. Tanzania hukumu za mahakama zinasomwa bure kwenye TanzLII, na hukumu tano juu ya wasimamizi walioondolewa zinafundisha kuliko sura tano za nasaha.

Kitabu ninachokitafuta mimi sijakikuta dukani. Kiwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Mahakama ya Mwanzo inaitumia kila siku. Kisimwite msomaji “mteja”. Kianze na mtu aliyekwisha kufa bila kuandika chochote, maana ndivyo wengi wetu tunavyokufa, na kiijaze ile Fomu Na. 5 mstari kwa mstari mbele ya msomaji: nyumba ya vyumba vinne yenye leseni ya makazi tu, bajaji iliyobakiza marejesho, shamba la ekari tatu lisilo na hati, deni la mchele dukani kwa jirani, na pesa zilizoko kwenye simu ambayo namba yake ya siri hakuna anayeijua.